Mwanafunzi wa sekondari afundishe wadogo mpaka apate ada ya chuo: inawezekana au tunapeana moyo tu?

#1 KalamuNyekundu (mleta mada)

Wakuu, salama?

Kuna hoja naisikia kila mahali, leo nataka tuipasue hapa. Eti mwanafunzi wa sekondari aliye vizuri kwenye hesabu au lugha, akianza mapema kufundisha watoto wa shule ya msingi na pesa ikawekwa pembeni, atamaliza na kuingia chuo bila mkopo. Ukiisikiliza inapendeza. Mdogo anasaidiwa, mkubwa anapata ada, mzazi analipa pungufu ya angemlipa mwalimu kamili.

Kama ni rahisi hivyo, mbona hatuwaoni? Walioanza nawajua wengi. Aliyelipa ada yote kwa kufundisha simjui hata mmoja. Kinakwama wapi?

#2 ChakiMkononi

Siti ya mbele. Wajuvi waje.

#3 Mzee_wa_Daftari

Tusizunguke, kinakwama kwenye hesabu yenyewe.

Chukua mwanafunzi mwenye bidii. Jioni mbili kwa wiki, saa mbili kila jioni, hizo ni saa nne. Mwaka wa shule weka wiki 36, unapata saa 144. Miaka miwili, saa 288. Na hapo nimejifanya hakuna mtoto aliyeugua, hakuna wiki ya mitihani, hakuna mzazi aliyesafiri na watoto bila kuaga. Toa hayo yote, ukibaki na 220 umshukuru Mungu. Sasa chukua ada ya miaka yote ya chuo unachokitaka, gawa kwa 220. Jibu litakalotoka ndiyo malipo ya saa moja. Nenda nalo kwa mzazi wa mtoto wa darasa la tatu uone atakavyokutazama.

#4 PembeTatu

Mzee, haba na haba hujaza kibaba.

#5 Mzee_wa_Daftari

@PembeTatu chuo hakipokei vibaba, kinapokea ada kamili au nusu kabla ya usajili.

#6 Mama_Wawili

Mimi naongea kama mzazi niliyelipa. Binti yangu alikuwa anaanguka kwenye kutoa. Mwalimu wake alikuwa anampa maswali zaidi, na kadiri alivyopewa mengi ndivyo alivyokosa mengi. Nikamtafuta kijana wa jirani aliyekuwa sekondari.

Siku ya kwanza kijana hakufundisha kitu. Akamwandikia 502 toa 178, akakaa kimya amtazame anavyoandika. Mtoto akaandika 476. Kijana akacheka, si kwa dharau, akamwambia, "Nimejua unachofanya, na mimi nilikuwa nafanya hivyohivyo." Kumbe mtoto kila safu alikuwa anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, haijalishi ipi iko juu. Tano toa moja nne, saba toa sifuri saba, nane toa mbili sita. Mimi mtu mzima nilikuwa naona 476 nasema "umekosa, rudia". Kijana aliona njia aliyopita mtoto. Walishinda jioni nzima kwenye ile sifuri ya katikati, wakakopa mia wakaivunja kuwa makumi, mpaka 324 ikatoka yenyewe bila kutajiwa.

Kwa hiyo wanaosema hawa vijana hawafundishi, sikubali.

#7 KalamuNyekundu

@Mama_Wawili asante kwa hili. Lakini swali la uzi lipo palepale: ulimlipa kiasi ambacho kingemfikisha chuo?

#8 Mama_Wawili

Yeye ndiye aliyetaja bei, na aliitaja akiangalia chini. Nililipa alichotaja. Angetaja mara mbili yake ningelipa vilevile. Hawa watoto hawajui kutaja bei mbele ya mtu mzima anayemwita mama, nadhani shida ipo hapo kuliko kwenye saa za Mzee wa Daftari.

#9 Mzee_wa_Daftari

Zidisha bei mara mbili kwenye zile saa 220, kisha uniambie kama umefika hata mwaka wa kwanza.

#10 NuktaMkato

Wote mnapiga hesabu ya pesa inayoingia. Mimi nawaletea ya inayotoka.

Nilifundisha kuanzia nilipokuwa na miaka kumi na sita. Wanafunzi hawakuwa wachache, na nilikuwa nalipwa. Ila kila mwisho wa mwezi nyumbani palikuwa na jambo. Mara umeme, mara dawa, mara sare ya mdogo wangu. Hakuna aliyeninyang'anya, tuelewane hapo. Mama yako anakuita kwa upole, anakwambia "mwanangu, hebu tuazime, baba akipata tutarudisha". Utamwambia hapana hiyo ni ada ya chuo, wakati taa zimezimwa?

Ukinyoosha njia ya ile pesa utakuta ilisomesha, ila haikunisomesha mimi.

#11 ChakiMkononi

@NuktaMkato pole ndugu. Hii nimeisoma mara mbili.

#12 Mkaguzi_Mstaafu

Habari za jioni. Naona mnaijadili kama ni wazo la juzi, wakati serikali ya Uingereza ilishaifanya kuwa mfumo rasmi mwaka 1846. James Kay-Shuttleworth, aliyekuwa katibu wa kamati ya elimu kule, aliweka utaratibu wa wanafunzi-walimu. Kijana wa miaka 13 anaandikishwa kwa mkataba wa miaka mitano. Mchana anafundisha wadogo, na nje ya saa za kazi mwalimu mkuu anamfundisha yeye saa moja na nusu kwa siku. Serikali inamlipa pauni 10 mwaka wa kwanza, zinapanda mpaka pauni 20 mwaka wa tano. Kila mwaka mkaguzi anamtahini.

Sikilizeni sehemu inayohusu uzi huu: akimaliza miaka mitano anaingia kwenye mtihani wa ushindani, na akifaulu anapata ufadhili wa Malkia kwenda chuo cha ualimu. Mshahara wa kufundisha ulimsaidia kuishi. Chuo kililipiwa na fungu jingine kabisa, na kufundisha ndiko kulikomfungulia mlango.

Waliogundua hilo miaka mia na themanini iliyopita hawakumwambia mtoto aweke akiba ya ada kutoka kwenye pauni kumi.

#13 PembeTatu

Mkaguzi, hapo si ndiyo mambo ya Lancaster? Yule aliyelipa watoto kufundisha wenzao shule nzima.

#14 Mkaguzi_Mstaafu

Hapana, hao ni watu wawili na mambo mawili. Joseph Lancaster alifungua shule yake Southwark, London, mwaka 1798, na alikufa 1838, miaka minane kabla ya mpango ninaouzungumzia. Kwake mwalimu mmoja alisimamia mamia ya watoto kwa kutumia viranja waliowakaririsha wenzao. Viranja walipewa beji na zawadi ndogondogo, hawakuwa na mkataba wala njia ya kwenda chuo. Andrew Bell alifanya kitu kinachofanana Madras kabla yake, na wafuasi wao waligombana miaka mingi nani mwanzilishi. Mpango wa 1846 ulikuja kwa sababu viranja walionekana hawatoshi.

#15 PembeTatu

Basi nimsamehe Lancaster, nilimpa sifa asizostahili. Ila huo mpango mzuri ulikufa kwa nini sasa?

#16 Mkaguzi_Mstaafu

Haukufa siku moja. Mwaka 1862 Robert Lowe alileta kanuni mpya ya kulipa shule kwa matokeo ya mitihani, na malipo ya serikali ya moja kwa moja kwa wanafunzi-walimu yakaondolewa. Kila shule ikaachiwa ipatane na kijana wake. Idadi yao ikashuka. Jamaa zangu, mwenye kulipa akibadilika na kazi inabadilika.

Malalamiko mengine yalikuwepo kabla ya hapo. Vijana walikuwa wanachoka. Unafundisha kutwa, kisha unasoma usiku.

#17 Mzee_wa_Daftari

"Mwenye kulipa akibadilika na kazi inabadilika." Andika hiyo kwa wino mwekundu. Mzazi mmoja hawezi kulipa ada ya chuo ya mtoto wa mwenzake. Tunachotafuta ni mlipaji mkubwa.

#18 MwalimuZamu

Nafundisha shule ya msingi na nimewahi kusimamia mpango wa wakubwa kufundisha wadogo, nisemee kidogo upande wa darasani.

Faida ipo, na si hisia. Cohen na watafiti wenzake wawili wenye jina la Kulik walikusanya tathmini 65 za mipango ya aina hii, wakachapisha mwaka 1982. Kati ya tafiti 52 zilizolinganisha mitihani, kwenye 45 waliofundishwa walifanya vizuri kuliko wenzao. Na waliofundisha nao walipanda kwenye somo walilofundisha. Huyo kijana wa Mama Wawili na yeye alikuwa anajifunza pale, hata kama hajui.

Ila kuna upande wa pili ambao wapenzi wa wazo hili huwa hawausemi. Uingereza walifanya majaribio mawili makubwa, matokeo yakatoka 2015. Moja ni la hesabu, wakubwa wa shule ya msingi wakifundisha wadogo zao waliopishana madarasa mawili. La pili ni la kusoma, sekondari kwa sekondari. Yote mawili hayakuonyesha faida yoyote kwenye matokeo.

Nilichokiona mimi ni kwamba mkubwa asiyeandaliwa hufanya kimoja kati ya viwili. Ama anampa mtoto jibu, ama anamfokea kama alivyofokewa yeye. Wale niliowaandaa kidogo, nikawapa maswali ya kuuliza na nikawakataza kushika kalamu ya mtoto, walifika mbali. Hiyo tu, usishike kalamu ya mtoto.

#19 BintiWaPwani

Hiyo ya kalamu imenigusa. Mwanangu daftari lote la nyumbani lilikuwa na mwandiko wa kaka aliyekuwa anamfundisha. Alama zilikuwa safi kabisa. Mtihani ulipokuja, kaka hakuwepo.

#20 PembeTatu

@MwalimuZamu na yule Bloom, mtafiti wa elimu, aliyesema mtoto akifundishwa na mtu mmoja anawapita asilimia 98 ya darasa? Kama ni hivyo tunawalipa hawa vijana kidogo sana, wanatakiwa wajengewe sanamu.

#21 MwalimuZamu

@PembeTatu Benjamin Bloom, 1984. Alichosema ni kwamba mwanafunzi wa wastani katika kundi la waliofundishwa mmoja mmoja, au wawili watatu, alifikia juu ya asilimia 98 ya darasa la kawaida. Lakini hawakufundishwa tu. Kila hatua walipimwa, wakarekebishwa, wakapimwa tena kabla ya kusogea. Waliomfuata hawakupata kitu kikubwa hivyo. Mwaka 2020 Nickow na wenzake walipitia majaribio 96 ya kufundisha ana kwa ana na vikundi vidogo. Faida ilikuwa kubwa bado, lakini ndogo kuliko ya Bloom, na waliofanya vizuri zaidi ni walimu na wasaidizi wa walimu waliofunzwa, wakiwaacha nyuma wanaojitolea na wazazi.

Kwa hiyo sanamu isubiri.

#22 Mhamiaji_B

Niko Marekani, huku suala limeshatatuliwa. Kuna mpango wa serikali, unafundisha watoto kusoma, serikali inalipa, pesa inaenda kwenye ada yako. Tangu 1964. Wanafunzi wa sekondari wachangamke tu.

#23 Sanduku_la_Posta

@Mhamiaji_B taratibu. Mpango wa kazi na masomo wa 1964 ni kwa walioshaingia chuo, si kwa wa sekondari. Na kawaida mwajiri anachangia sehemu ya mshahara. Mwaka 1997, wakati wa Clinton, ndipo serikali ikakubali kubeba mshahara wote kwa wanafunzi wa chuo wanaofundisha watoto kusoma. Mtu aliye sekondari hayumo humo.

Kilicho karibu zaidi na unachosema ni AmeriCorps, mpango wa serikali ya Marekani wa kutumikia jamii. Unatumikia kipindi ulichopangiwa, ukimaliza unapewa tuzo ya masomo. Kwa aliyetumikia muda kamili inalingana na kiwango cha juu cha ruzuku ya Pell, ile ya serikali kwa wanafunzi wa chuo wenye kipato kidogo, na una miaka saba ya kuitumia kwenye ada au kulipia mkopo. Mingi ya mipango hiyo inaanza kwa umri wa miaka 17. Halafu jueni kwamba mwaka unaoitumia, inahesabiwa kuwa kipato na unaikatiwa kodi. Wengi wanashtukia hapo.

#24 Mhamiaji_B

Sawa, lakini roho ya nilichosema ipo. Serikali inalipa, mtoto anafundishwa.

#25 Sanduku_la_Posta

Roho ipo, mwili ndio haupo.

Niongeze na hili kwa wenye watoto hukohuko Marekani, kwa sababu naona Mzee wa Daftari anahesabu saa tu. Fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo, ikijazwa, akiba iliyo kwa jina la mwanafunzi inahesabiwa asilimia 20 kuwa uwezo wake wa kulipia chuo. Iliyo kwa jina la mzazi haizidi asilimia 5.64. Mtoto anafundisha kwa jasho, anaweka kwenye akaunti yake, halafu msaada wa chuo unapungua kwa sababu ameweka. Akaunti ya elimu ya 529 ya mtoto anayetegemea wazazi inahesabiwa upande wa mzazi, ndiyo maana wajanja huiweka huko.

#26 Mhamiaji_B

Na mshahara wenyewe wanauhesabu, nusu nzima. Jirani yangu aliniambia.

#27 Sanduku_la_Posta

Nusu ya kinachozidi kiwango kinachosamehewa. Kwa jioni mbili kwa wiki hafikii kiwango hicho. Jirani yako anamtisha mtoto wa watu bure.

#28 NuktaMkato

Yaani ukiweka kwenye droo nyumbani wanaazima, ukiweka benki kwa jina lako inakupunguzia msaada. Kweli mtoto wa maskini hana pa kuweka pesa.

#29 Mwanzi_Mnyoofu

Nimesoma kimya tangu juu. Mnamjadili mwanafunzi hodari tu, aliye vizuri kwenye hesabu. Nani kasema lazima awe hodari?

Kuna mpango ulianza San Antonio, Texas, mwaka 1984, chini ya taasisi inayoitwa IDRA. Wao walikwenda kinyume. Waliwachukua wanafunzi waliokuwa wanaelekea kuacha shule, wakawapa kazi ya kufundisha watoto wa shule ya msingi, wakawalipa kima cha chini cha mshahara. Utafiti wao wa miaka miwili ulionyesha walioacha shule kati ya wafundishaji ni asilimia 1, kwa wenzao waliolinganishwa nao asilimia 12. Kampuni ya Coca-Cola iliufadhili na ukasambaa.

Hakuna aliyelipa ada ya chuo kwa kima cha chini. Lakini ukishaacha shule, ada ya chuo utaiwazia nini? Mimi nasema faida kubwa ya kazi hii ni kwamba kuna mtoto mdogo anakusubiri saa tisa, huwezi kutoroka.

#30 Mzee_wa_Daftari

@Mwanzi_Mnyoofu hoja nzuri, ila umehamisha goli. Mleta mada kauliza ada.

#31 Mwanzi_Mnyoofu

Goli lilikuwa mahali pabaya.

#32 ChakiMkononi

😂😂 Mzee kapigwa chenga.

#33 KijijiChangu

Mbona hakuna anayeligusa suala la walimu wenyewe? Mwalimu anayetegemea tuisheni ya jioni kuongezea mshahara, akisikia shule inataka wanafunzi wakubwa wafundishe wadogo kwa bei nafuu, unadhani atashangilia? Shuleni nilikosoma wazo hili lilipendekezwa na wazazi. Mkuu wa shule akasema litaangaliwa. Likaangaliwa mpaka nikamaliza.

Hapo ndipo linapokwama. Mengine yote ni maelezo.

#34 MwalimuZamu

@KijijiChangu wapo wa hivyo, siwatetei. Lakini usitie wote kapu moja. Mimi kilichonikwamisha ni ratiba. Wadogo wanatoka mapema, wakubwa wanatoka wamechelewa. Hao wadogo wanakaa wapi saa mbili, na nani, wamekula nini? Mpango mzuri unakufa kwa kitu kidogo kama hicho.

Watafiti wawili, Kraft na Falken, mwaka 2021 waliandika pendekezo kwa Marekani linaloligusa hili. Wa sekondari afundishe wa msingi ndani ya saa za shule, kama somo la hiari kwenye ratiba. Wa chuo afundishe shule za kati kupitia ule mpango wa kazi na masomo. Waliomaliza chuo wafundishe sekondari kupitia AmeriCorps. Kwa hiyo wa sekondari kwao anapata alama ya somo, mshahara unaanzia chuo.

#35 Mzee_wa_Daftari

Tazama hilo! Hata wataalamu walipokaa kupanga, mtoto wa sekondari ndiye pekee aliyetoka bila pesa.

#36 MwalimuZamu

Alipata saa ya kazi asiyolazimika kuitafuta jioni. Unaionaje wewe?

#37 Mzee_wa_Daftari

Naiona ya bure.

#38 BintiWaPwani

Kuna na njia ya tatu ya malipo, mwanangu mkubwa anaifuata. Schoolhouse.world, jukwaa la mtandaoni alilolianzisha Sal Khan, yule wa masomo ya video ya Khan Academy, mwaka 2020. Kufundisha kule ni bure, hulipwi hata senti. Lakini unapimwa umahiri wa somo, wanafunzi wanakupa maoni, na rekodi yako unaweza kuipeleka unapoomba chuo. Chuo Kikuu cha Chicago na MIT ni kati ya vinavyoipokea. Yeye anasema anafanya kazi leo ili alipwe barua ya kukubaliwa.

#39 NuktaMkato

Dada, barua ya kukubaliwa si ada. Rafiki yangu anayo barua, ipo kwenye fremu.

#40 BintiWaPwani

Vyuo vinavyogharamia wanafunzi kulingana na uhitaji vipo, na ndivyo vigumu kuingia. Kwa hiyo mlango na ada wakati mwingine ni kitu kimoja. Mkaguzi kaeleza hapo #12, kufundisha kulifungua mlango, fungu likatoka kwingine.

#41 Mkaguzi_Mstaafu

Nimesomwa. Asante binti.

#42 KijijiChangu

Ila tuwe wakweli, anayeweza kufundisha bure mtandaoni miaka miwili ni yule ambaye hahitaji hela ya jioni. Ana kompyuta, ana chumba, ana intaneti isiyokatika. Mtoto wa kina NuktaMkato anahitaji kulipwa wiki hii. Kwa hiyo mnaotaka rekodi badala ya mshahara mnachuja watu bila kujua.

#43 Mwanzi_Mnyoofu

Naunga mkono. Ndiyo maana nawapenda wale vijana wa Baltimore. Mradi wa Aljebra wa Baltimore unaendeshwa na vijana wenyewe, wanafundishana hesabu na wanalipwa. Umetokana na kazi ya Bob Moses, mpigania haki za kiraia aliyeanzisha Mradi wa Aljebra mwaka 1982. Msimamo wao ni kwamba kijana anayejua hesabu ana kitu cha kuuza na anunuliwe. Walifika hadi kuandamana kudai fedha za shule zao.

#44 PembeTatu

Kumbe mwalimu wa tuisheni anaweza kuandamana. Wa kwangu alikuwa anaandamana na begi kwenda nyumbani mapema.

#45 Mama_Wawili

Kabla hatujafika mbali, wazazi wenzangu, popote mtakapofanyia hii kitu, mlango uwe wazi na mtu mzima awepo ndani. Kwa usalama wa mdogo na kwa heshima ya mkubwa pia. Kijana wetu alikaa mezani sebuleni, mimi nipo jikoni nasikia. Hakuchukia, alisema hata yeye anajisikia salama.

#46 BintiWaPwani

Sahihi kabisa. Hili lingekuwa la kwanza kwenye uzi.

#47 Mzee_wa_Daftari

Nirudi kwenye namba, maana mmenizunguka pande zote. Kuna njia moja inayobadilisha hesabu yangu: vikundi. Watoto wanne kwa wakati mmoja, kila mzazi analipa robo tatu ya bei ya mtoto mmoja. Saa moja inakuwa imelipa mara tatu. Zile saa 220 zinafanya kazi ya saa 660. Hapo naanza kuona mwaka wa kwanza wa chuo kwa mbali.

#48 MwalimuZamu

Na ubora? Huyo kijana wa 502 toa 178 angeona makosa ya watoto wanne kwa wakati mmoja?

#49 Mzee_wa_Daftari

Wawili basi.

#50 MwalimuZamu

Wawili sawa. Wanne, kijana wa miaka kumi na sita anageuka kuwa askari.

#51 Mzee_wa_Daftari

Wawili kwa robo tatu ni mara moja na nusu. Saa 330. Tumerudi njaa.

#52 Kichwa_Ngumu_05

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, nimesoma uzi wote. Nimepata watoto wawili wa kufundisha hesabu, ni ndugu. Mama yao amesema atanilipa yote kwa pamoja muhula ukiisha, ili nisiitumie hovyo na iende kwenye ada yangu. Nikubali?

#53 NuktaMkato

Marahaba. Kubali. Mimi ningepata mtu wa kunishikia hivyo ningekuwa mbali.

#54 Mzee_wa_Daftari

Marahaba mjukuu. Usikubali. Muhula ukiisha watoto watakuwa wamefaulu, na mtu aliyeshafaulu halipi haraka. Lipwa kila wiki.

#55 Mama_Wawili

Marahaba mwanangu. Mwambie akupe nusu kila mwezi, nusu ailipe chuoni moja kwa moja wewe ukiwa na namba ya malipo. Na mwandikishane, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari.

#56 Sanduku_la_Posta

Kabla ya kuandikishana, kakwambia bei gani kwa saa?

#57 Kichwa_Ngumu_05

Hajataja. Amesema nitaje mimi.

#58 Mama_Wawili

Usiangalie chini ukitaja.

#59 Mzee_wa_Daftari

Na usitaje kabla ya kunitumia ratiba yako. Nipe siku, saa, na wiki za mitihani uzitoe mapema.

#60 Kichwa_Ngumu_05

Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili. Nataka na Jumamosi lakini nina mtihani wangu mwenyewe wa mwisho mwaka huu.

#61 MwalimuZamu

Jumamosi iache.

#62 Mzee_wa_Daftari

Jumamosi ndiyo iliyobeba hesabu yote, mwalimu.

#63 MwalimuZamu

Akianguka mtihani wake, hiyo ada mtalipia chuo gani?

#64 ChakiMkononi

Mimi bado nipo siti ya mbele. Endeleeni.